Mkono Unaojifanya Haujui

Anayekatiza stendi ya mabasi akakuta watu wameinama kuzunguka boksi lililopinduliwa hahitaji kuambiwa katikati kuna nini. Wakenya huuita mchezo huo pata potea. Tanzania ni karata tatu. Kijana amechuchumaa, mdomo wake hautulii, na mbele yake kuna karata tatu zilizopindwa kidogo kwa urefu ili vidole vizidake upesi. Moja ni malkia. Anaionyesha kwa kila mtu, anazitupa zote tatu ubaoni kifudifudi, anazihamisha huku na huku, kisha anauliza: malkia yuko wapi? Mwenye macho makali amemfuata malkia tangu mkononi hadi ubaoni, na yuko tayari kuapa kwamba ni yule wa kushoto. Anaweka noti yake. Karata ya kushoto inafunuliwa: saba ya pau.

Wengi wanaoliwa pesa namna hiyo huondoka wakiamini karata zile zina dawa, au zina alama, au kuna ya nne iliyofichwa kwenye mkono wa shati. Hakuna haja ya lolote kati ya hayo. Siri iko kwenye kutupa. Kijana hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, kukiwa na nafasi ndogo katikati: kidole gumba kiko upande mmoja, na upande wa pili kidole cha shahada kimeishika ya juu, cha kati kimeishika ya chini. Ya chini ndiye malkia, na kila mtu amemwona. Mkono unaposhuka kuelekea ubaoni, macho yote yanatarajia ya chini itangulie, maana ndiyo iliyo karibu na ubao, na mara kadhaa za mwanzo ndivyo inavyokuwa. Kisha unakuja mtupo mmoja ambapo kidole cha shahada ndicho kinachoachia. Mkono umeshuka kwa njia ileile, kwa mwendo uleule, na umeinuka vilevile. Iliyoanguka ni ya juu.

Yaliyobaki katika biashara hiyo ni wizi mtupu: wapambe wanaojifanya wapita njia na kushinda mfululizo, na mwenzao wa kupiga kelele za polisi pesa zikishaingia mfukoni. Hakuna mgeni anayeshinda. Lakini ule mtupo peke yake, ukiutenga na utapeli unaouzunguka, una somo zima la ufundi huu ndani yake. Hauna kasi ya ajabu. Mkono umejifunza kitu kigumu kuliko kasi, nacho ni kufanya jambo moja huku ukionekana unafanya lingine, bila msuli hata mmoja kutoa ushahidi.

Njia ya mkato ipo, na inauzwa. Kwenye maduka ya vifaa vya mazingaombwe, na siku hizi mtandaoni, zinapatikana karata za hila zinazomwezesha mnunuzi kushangaza watu siku hiyohiyo. Katika pakiti mojawapo maarufu, nusu ya karata zote ni za aina moja, tuseme kumi ya shupaza, na hizo zimekatwa fupi kidogo kuliko nyingine. Akizipitisha kwa gumba upande mmoja mtazamaji anaona karata tofautitofauti, na popote atakaposema "simama" anaangukia kumi ya shupaza. Pakiti nyingine imechongwa ili kila karata iwe nyembamba upande mmoja kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Karata iliyorudishwa ikiwa imegeuzwa hujitokeza pembeni na kuvutwa kwa vidole viwili. Zipo zenye mgongo pande zote mbili. Zipo zenye alama ndani ya maua ya mgongoni.

Hakuna aibu kuzitumia, na wapo mafundi wakubwa waliozitumia. Shida huja mtazamaji anaponyoosha mkono. "Hebu lete nione." Katika baraza lolote la pwani maneno hayo yatasemwa kabla kahawa haijapoa, na mwenye kumi za shupaza 26 hana jibu. Mwenye karata za kawaida anampa, na anaweza hata kuazima pakiti ya mwenye baraza, iliyolainika kwa jasho na yenye jokari aliyechanika pembe, akafanya yake kwa hiyo hiyo.

Tena kuna hasara isiyoonekana mara moja. Karata ya hila inafanya kazi badala ya mkono, kwa hiyo mkono haujifunzi kitu. Miaka mitano baadaye mwenye nazo anajua mizaha mipya na ana pakiti nyingi zaidi, lakini vidole vyake viko palepale vilipokuwa.

Hoja hii ina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1902 mjini Chicago kilitoka kitabu kilichochapishwa kwa gharama za mwandishi mwenyewe, The Expert at the Card Table, kikiwa na jina la S. W. Erdnase. Mpaka leo haijathibitika Erdnase alikuwa nani. Jina hilo likisomwa kinyumenyume linatoa E. S. Andrews, na watu wamezeeka wakimtafuta Andrews anayefaa. Katika miaka ya 1940 mwandishi wa Kimarekani Martin Gardner alifanikiwa kumpata mchoraji wa picha za kitabu hicho, M. D. Smith, akiwa mzee. Smith alikumbuka chumba cha hoteli chenye baridi, na mtu mfupi, mpole, aliyemfanyia viinimacho vya karata kabla kazi ya kuchora mikono yake haijaanza. Gardner alishawishika kwamba mtu huyo ni Milton Franklin Andrews, mcheza kamari na mwuaji aliyekufa mwaka 1905. Watafiti wengine hawakukubali, na ubishi unaendelea.

Kilicho wazi ni maudhui ya kitabu. Kina michoro zaidi ya 100, na kimegawanyika sehemu mbili: ya kwanza ni hila za mezani kwa wacheza kamari, ya pili ni viinimacho vya kuburudisha. Hata karata tatu zimo, zikiwa na maelezo ya kila kidole. Mwandishi hajifanyi mlokole. Anakiri tangu mwanzo kwamba anaandika kwa sababu anahitaji pesa, na hatoi mahubiri juu ya kamari. Lakini juu ya vifaa ni mkali. Enzi hizo walaghai walivaa mitambo ndani ya mikono ya makoti, yenye kamba na springi, ya kunyakua karata na kuirudisha wakati wa kuihitaji. Erdnase anaieleza kisha anaitupa: ni mizigo, haina lazima, na siku yoyote inaweza kumuumbua mwenye nayo. Anayejua kazi, kwake yeye, anaingia na mikono yake tu. Anaonya vilevile juu ya majivuno. Fundi anayeonyesha vidole vyake vilivyo vyepesi amejifukuzisha kazi, kwa kuwa mezani hapatakiwi mtu wa kuambiwa "una mikono hatari wewe!"

Mtoto mmoja wa Ottawa, Kanada, alikishika kitabu hicho akakisoma mpaka kikamwingia kichwani neno kwa neno. Jina lake David Verner, aliyezaliwa mwaka 1894, na dunia ya viinimacho ikaja kumjua kama Dai Vernon, na baadaye Profesa. Mwenyewe alipenda kutania kwamba alianza kujifunza akiwa na miaka saba, na ile sita ya kwanza aliipoteza bure. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakula kutokana na karata. Alikula kwa mkasi, akikata picha za vivuli vya watu kwenye karatasi nyeusi katika viwanja vya starehe kama Coney Island. Karata aliziweka upande wa mapenzi. Alipofariki mwaka 1992 alikuwa na miaka 98, na karibu kila mtu anayeshika karata kwa ustadi leo amefundishwa naye, au na mtu aliyefundishwa naye.

Mafundisho yake yalikuwa mafupi kiasi cha kuudhi: fanya kama kawaida. Mwanafunzi mpya husikia hilo akaona ameambiwa jambo dogo. Ukweli ni kwamba hajui kawaida yake ikoje, kwa kuwa hajawahi kuitazama. Anageuzaje karata ya juu asipokuwa na siri yoyote? Gumba linaisukuma kulia, au mkono wa kulia unaifuata? Pakiti inainuka kukutana nayo, au inakaa chini? Wakati huo anatazama wapi? Hapo ndipo kazi inapoanza, na ni kazi ya kujichunguza kabla ya kuwa kazi ya vidole.

Chukua hila moja iliyo msingi wa nyingi: kuinua karata mbili kana kwamba ni moja. Pakiti inalala katika kiganja cha kushoto, gumba limelala juu kwa kushoto, shahada imezunguka mbele, vidole vitatu vimekaa upande wa kulia. Nyama ya ncha ya kidole cha mwisho inaingia chini ya karata ya pili, ikiacha mwanya ambao mtazamaji aliye mbele haoni. Mkono wa kulia unazichukua mbili zilizolingana kingo, unazigeuza, na karata inayoonekana, inayodhaniwa ni ya juu, kwa kweli ni ya pili. Zikirudishwa kifudifudi na ya juu ikawekwa mezani, mtazamaji anaamini mezani kuna mfalme wa kopa, naye mfalme bado yuko kwenye pakiti. Kwa mwanya huo mdogo karata hupanda juu, hubadilika, huhama na kuingia mfukoni.

Vidole vya kawaida vinaweza kujifunza hayo kwa wiki chache. Kinachokwama ni kingine. Mwanafunzi anageuza karata moja kwa uzembe, kwa vidole viwili, huku akiongea. Ikifika zamu ya mbili anakaza mkono, ananyamaza, anazitazama, anazishika kama mtu aliyeficha ndizi kwapani kwa mwenye shamba. Hakuna aliyeona karata mbili. Wote wameona kwamba kuna jambo. Dawa ya Vernon na waliomfuata ina pande mbili: ama uongo ufundishwe kufanana na ukweli, ama ukweli ubadilishwe ufanane na uongo. Yaani mwanafunzi ageuze hata karata moja ya haki, kila siku, mbele ya kila mtu, kwa mshiko uleule atakaouhitaji siku ya mbili. Baada ya muda mshiko huo ndio unakuwa mkono wake, na hakuna tofauti ya kugundua.

Kuchanga nako kuna mlango wake wa siri, na kwa watu wa Afrika Mashariki ni mlango rahisi kuingia, kwa kuwa uchangaji wa kumwaga karata kidogokidogo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ndio walioukuta barazani. Karata iliyochaguliwa imerudishwa juu ya pakiti ya chini. Mkono wa kulia unapoanza kumwaga zilizobaki juu yake, ya kwanza inashuka peke yake na kubaki imechomoza kuelekea tumbo la mchangaji, kwa upana usiozidi unene wa kucha chache. Nyingine zinamwagwa juu yake ovyo, na uovyo huo ndio unaoificha. Mwishoni gumba la kulia linaukuta ule mchomozo, linagawa pakiti hapo, na karata iliyopotea machoni pa wote imerudi juu. Erdnase alijenga sehemu kubwa ya mfumo wake juu ya mchomozo huo. Hauhitaji kipaji. Unahitaji mtu asiyekatwa stimu na kurudia kitu kisichofurahisha, akiwa amekaa mbele ya televisheni, akiwa kwenye foleni, akiwa anasubiri chai ichemke, hadi vidole viache kuuliza.

Kioo kimekuwa mwalimu wa wengi na kimewaponza baadhi yao. Kuna kosa linalojulikana sana miongoni mwa wenye fani: mwanafunzi anayejifunza peke yake mbele ya kioo hupata tabia ya kupepesa macho sekunde ileile ambayo siri inafanyika. Ubongo wake hautaki kuona aibu, basi unamfumba macho, naye anaamini hila imepita safi. Akienda mbele za watu wote wanaona, na juu ya hayo wanamwona akipepesa. Kamera ya simu imelitibu tatizo hilo kwa ukatili. Haipepesi, inarudia, na inaweza kupunguza mwendo.

Wakati nao ni ufundi. Mtu akitazama mkono wake, wengine wataufuata. Akiinua macho na kumuuliza mmoja wao swali, wanamtazama usoni. Dakika nzuri ya kufanya siri ni ile ambayo watazamaji wanadhani mchezo haujaanza, au umekwisha na wanacheka. Ndiyo maana baadhi ya mafundi bora huonekana wavivu. Kazi yao iliisha nusu dakika kabla ya wewe kuanza kukodoa.

Hamu ya Vernon kwa mikono mitupu ilimfikisha mahali pasipo heshima. Mwaka 1932 alikuwa Wichita, Kansas, akikata picha zake za vivuli, na huko akaingia jela ya wilaya kuongea na mcheza kamari mmoja wa Kimeksiko aliyekuwa ndani kwa kesi ya kuua. Mfungwa huyo alimwambia amewahi kumwona mtu, upande wa Kansas City, anayegawa karata kutoka katikati ya pakiti.

Kuelewa kwa nini Vernon alishtuka kunahitaji maelezo kidogo. Kugawa kutoka chini, badala ya juu, ilikuwa hila ya zamani ya walaghai: karata nzuri zinakusanywa chini, na mgawaji anajipa mwenyewe, au anampa mwenzake, huku wengine wakipata za juu. Kinga dhidi yake ni kukata. Kabla ya kugawa, mpinzani anakata pakiti, na kilichokuwa chini kinaishia katikati, hakifai tena. Walaghai walijitesa kutafuta namna ya kurudisha mkato bila kuonekana, na hiyo ndiyo hatua iliyowakamatisha wengi. Mtu anayeweza kuziacha karata zake zilipo, katikati, akazichomoa moja moja kutoka hapo kwa mwendo wa kugawa kwa haki, ameifuta kinga yenyewe. Wajuzi wengi wa wakati huo walisema haiwezekani, kwamba ni hadithi ya vilabuni.

Vernon alisaka. Aliuliza kwenye madanguro ya kamari ya Kansas City, mji uliokuwa wazi kwa maovu miaka hiyo, akapita kwa watu wasiopenda kuulizwa, na hatimaye akaelekezwa Pleasant Hill, mji mdogo wa Missouri. Huko alimkuta Allen Kennedy. Kennedy aligawa. Vernon, aliyekuwa ametumia maisha yake yote akitazama mikono ya watu wa aina hiyo, hakuona kitu. Hapakuwa na mtambo, wala karata iliyochongwa. Palikuwa na mwanya unaoshikiliwa na kidole cha mwisho mahali pa mkato, pakiti iliyolegezwa kiasi cha karata kupita, na miaka ambayo Kennedy aliitumia nyumbani kwake akirudia mwendo mmoja mpaka ule wa katikati na ule wa juu ikawa sawa. Vernon alirudi na elimu hiyo na hakuwahi kuitumia kumlia mtu pesa. Huko ndiko ufundi wa aina hii ulikozaliwa, kwa watu ambao wasingemkaribisha nyumbani, na hakuwa na kiburi cha kuukataa.

Miongoni mwa waliokwenda baadaye kukaa miguuni pa Vernon, alipokuwa mzee wa ukumbi wa Magic Castle huko Hollywood, alikuwamo kijana wa San Diego aitwaye Richard Turner. Macho yake yalianza kuharibika akiwa na miaka tisa, baada ya homa, na hatimaye yakazima kabisa. Turner alijifunza karata kwa saa nyingi kila siku, mikono ikiwa na pakiti hata anapokula na kutazama filamu bila kuiona. Kwa miaka alikuwa hapendi watazamaji waambiwe kwamba haoni. Filamu ya mwaka 2017 iitwayo Dealt inasimulia alivyopigana na jambo hilo. Anagawa kutoka chini, kutoka nafasi ya pili, kutoka katikati, na mtazamaji aliyeketi ubavuni hapati mwanga.

Vidole vyake vilimpa hata ajira isiyo ya jukwaani. Kampuni ya Kimarekani ya United States Playing Card Company ilimtumia kama mpimaji kwa mguso: anapapasa karata na kueleza karatasi ikoje, ugumu wake, na namna ilivyokatwa. Jambo hilo la mwisho mtu wa kawaida hawezi kulifikiria. Kisu cha kiwandani kikikata bango la karata huacha ukingo wenye mwinamo mdogo mno, na upande kisu kilikotokea ndio unaoamua kama karata zinapofumwa zitaingiliana kirahisi kuanzia chini au kuanzia juu. Turner alisimama kidete kudai mkato wa zamani. Kwa mtu asiyetumia kifaa chochote, pakiti yenyewe ndiyo kifaa, na ana haki ya kuwa mchaguzi: upana wa milimita 63 kwa karata za poka, 57 kwa zile za briji, na tofauti hiyo ya milimita sita ndiyo inayoamua kama karata itafichika katika kiganja kidogo au itachungulia.

Upande wa pili wa Amerika aliishi mtu ambaye vitabu vyote hivi havikuandikwa kwa ajili yake. René Lavand, aliyezaliwa Buenos Aires mwaka 1928, aligongwa na gari akiwa na miaka tisa akapoteza mkono wa kulia. Vitabu vya karata vimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mikono miwili. Hakuna hata ukurasa unaomwambia mwenye wa kushoto pekee afanye nini. Ikabidi aanzishe kila kitu mwenyewe: kuchanga kwa mkono mmoja, kugawa uongo kwa mkono mmoja, kuficha na kubadilisha kwa mkono huohuo ulioshika. Alifanya kazi benki kwanza, kisha akaingia jukwaani na kuzunguka dunia, huku makazi yake yakibaki Tandil, mji ulio mbali na mji mkuu. Alifariki mwaka 2015.

Lavand hakushindana kwa wepesi. Alikwenda kinyume kabisa. Alikuwa akipanga karata nyekundu na nyeusi kwa kupishanisha, moja moja, taratibu, akizungumza kama babu anayesimulia, kisha anazifunua zikiwa zimejitenga, nyekundu huku na nyeusi kule. Halafu anarudia polepole zaidi, na kusema kwa Kihispania kwamba polepole kuliko hapo haiwezekani. Anarudia tena, polepole zaidi ya hapo. Mtazamaji anayeamini kwamba mkono huwahi kuliko jicho hana pa kushika. Mkono unaomdanganya ni mmoja, hauna haraka, na kiwiko cha pili hakina kitu cha kuficha.

Ule usemi wa mkono kuwahi jicho unapaswa kuzikwa. Jicho huona mwendo wa kasi vizuri sana, na kinachoonekana ghafla huamsha kila mtu. Cardini, Mwelsi ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Richard Pitchford, alijifunzia karata kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kwenye baridi, mikono ikiwa ndani ya glavu. Baadaye glavu nyeupe zikawa sehemu ya vazi lake jukwaani, na karata zikajitokeza vidoleni mwake zikiwa feni baada ya feni, huku yeye akiigiza bwana mlevi anayeshangaa zinatoka wapi na kutamani ziishe. Hapo ndipo alipokuwa mbele ya wengi. Aliujua mkono mpaka akaweza kuufanya uonekane unamsumbua yeye mwenyewe.

Mwanafunzi mwingine wa Vernon aliishia mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Persi Diaconis alizaliwa New York mwaka 1945, na akiwa na miaka 14 aliacha nyumba na shule akafuatana na mzee huyo barabarani, akijifunza karata. Swali la nafasi na bahati, lililo ndani ya kila pakiti, lilimpeleka kwenye vitabu vya hesabu asivyoweza kuvisoma. Akarudi shule za usiku ili aweze, akafika Harvard kwa shahada ya uzamivu mwaka 1974, na akawa profesa wa takwimu na hisabati huko Stanford. Mwaka 1992, pamoja na Dave Bayer, alichapisha hesabu inayoonyesha kwamba pakiti ya karata 52 ikigawanywa mafungu mawili na kufumwa kwa namna ya kawaida ya mezani, inahitaji takriban mara saba ndipo iwe imechanganyika vya kutosha. Mara tatu au nne, ambazo wacheza karata wengi huridhika nazo, huacha mpangilio wa zamani ukiwa bado unasomeka kwa anayejua kuusoma.

Hesabu hiyo inawahusu wachangaji wa kawaida, wanaoacha karata zishuke mbilimbili na tatutatu. Fundi anaweza kufanya kingine kwa mikono ileile na pakiti ileile: kugawanya katikati kabisa, 26 kwa 26, bila kuhesabu, kisha kuzifuma moja moja bila kosa, ya juu ikibaki juu. Kwa mtazamaji huo ndio uchangaji wa haki kuliko wote, maana anaona kila karata ikiingia kati ya nyingine mbili. Akikosea karata moja tu, mpangilio umeharibika na hana pa kurudi. Asipokosea, mara ya nane karata zote 52 zitakuwa pale zilipoanzia, ree kwa ree, na mtazamaji ataapa kwamba zimechangwa mara nane.